Mbegu na Chungu

Msomaji kijana, ukiulizwa leo utaje mboga za majani unazozijua, yamkini utaanza na sukuma wiki, ufuatishe kabichi, kisha spinachi, na baada ya hapo utanyamaza kidogo ufikiri. Sikulaumu. Mboga hizo tatu ndizo zinazojaza sufuria za shule, meza za sokoni na bustani nyingi za nyumbani. Sukuma wiki, hasa, imekaa nasi hata watu wengi hudhani ilizaliwa hapa. Kumbe asili yake ni nchi zilizopakana na Bahari ya Mediterania, nasi tuliipokea kutoka mikononi mwa wageni. Ilistahili kupokewa, kwani hukua upesi, huchumwa jani baada ya jani kwa miezi mingi, na jina lake ndilo kazi yake. Mimi ni mwalimu, na mshahara wa mwalimu una desturi ya kumalizika kabla ya mwezi. Wiki nyingi za maisha yangu zimesukumwa na mboga hiyo, nami naishukuru.

Lakini mgeni akikaribishwa sebuleni, wenyeji hawatolewi nje ya nyumba. Nataka kukueleza habari za wenyeji hao, yaani mnavu, mgagani, mrenda, na jamaa zao, ambao watu wengi wa umri wako huwajua kwa jina la magugu. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya asili inayoliwa nchini mwetu, na mtu akikifungua hustaajabu kuona jinsi karamu ilivyo pana na jinsi tunavyokula katika kona yake moja tu.

Mimi nilizaliwa Kwale, katika nyumba iliyozungukwa na minazi na mihogo. Nilipomaliza masomo ya chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha Kakamega, mbali na bahari, mahali penye mvua nyingi na asubuhi za baridi. Nyuma ya nyumba niliyopanga pana kiwanja cha hatua kumi na tano kwa nane. Jirani yangu alikuwa bibi mzee aliyekaribia miaka themanini. Kijiji kizima kilimwita Kukhu, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa bustani na wa jikoni, na kwake nilijifunza jambo ambalo chuoni halikuwa katika daftari: kwamba mboga huishi mahali pawili, katika mbegu na katika chungu. Mbegu ikipotea, mpishi hana la kupika. Na maarifa ya kupika yakipotea, mbegu nayo hufuata, maana hakuna mtu atakayepalilia na kumwagilia maji kitu asichojua kukila.

Anayetaka kuanza na aanze na mnavu. Huenda kwenu waujua kwa jina jingine: Wakikuyu huuita managu, Wajaluo osuga, Wakisii rinagu. Matunda yake ni madogo kama shanga. Aina nyingine hukomaa yakawa ya zambarau iliyokaribia weusi, na aina nyingine hukomaa yakawa ya rangi ya chungwa. Ukitaka mbegu, chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaponde ndani ya maji, mwaga maganda yanayoelea, kisha anika mbegu kivulini juu ya kitambaa. Zitakuwa ndogo mno, ndogo hata ukipiga chafya umepoteza shamba. Kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu au majivu ndipo uzimwage katika mistari ya kitalu, na ufunike kwa udongo mwembamba. Udongo upende kuwa na samadi iliyooza vizuri. Miche ikifika urefu wa kidole, ihamishe. Ikisimama imara, kata ncha yake ya juu bila huruma. Mnavu uliokatwa ncha hutoa matawi ya ubavuni, na mnavu usiokatwa hukimbilia kutoa maua na kuacha majani. Jambo moja ushike sana: matunda mabichi ya mnavu yasiliwe, kwa maana yana sumu. Na kabla ya kuchuma mnavu wa porini usioujua, muulize mtu mzima anayeujua.

Mgagani ni habari nyingine, na hapa sharti nikae kidogo. Huu ndio unaoitwa saga, tsisaga, chinsaga au dek, kwa kutegemea umesimama kijiji gani. Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, aghalabu vitano. Nilipomwendea Kukhu mara ya kwanza kuomba mbegu, alikuwa amekaa uani akipepeta zile alizozianua wiki ile ile. Pembeni pake palikuwa na kibuyu kilichoziba mdomo kwa gunzi la hindi.

“Kukhu,” nilimwambia, “hizi mpya zapendeza. Nipatie kiasi kidogo.”

“Mwalimu,” akajibu, “mtoto aliyezaliwa jana humtumi kisimani. Hizi bado zimelala. Chukua za kibuyuni, za mwaka jana.”

Mbegu za mgagani, msomaji, hulala kweli. Zikivunwa leo na kupandwa kesho, chache tu ndizo huota. Zikikaa miezi kadhaa mahali pakavu, usingizi huwatoka na kuota kwake huongezeka sana. Wataalamu wa mimea wamelipima jambo hili na kuliandika, lakini Kukhu hakuhitaji kipimo. Alikuwa na vibuyu viwili, cha mwaka huu na cha mwaka jana, na hakuvichanganya kamwe. Ni watu wangapi, nawaza, waliopanda mbegu mpya, wakangoja, wakaona ardhi tupu, wakasema mgagani hauna faida, wakapanda kabichi?

Tena mgagani hupandwa pale pale utakapokulia, kwa kuwa mzizi wake mkuu hushuka chini moja kwa moja na haupendi kung'olewa. Huchanua mapema sana. Ukichelewa kuchuma, utakuta maua meupe yamekucheka. Kwa sababu hiyo Kukhu alipanda mstari mmoja kila baada ya majuma mawili, ili mstari mmoja ukizeeka mwingine uwe kijana.

Sasa tuingie jikoni. Uchungu wa mgagani si wa mzaha. Kukhu aliyachambua majani akayatenga na mabua magumu, akayaosha, akayachemsha, akamwaga maji yale ya kwanza. Kisha aliyarudisha motoni katika chungu cha udongo pamoja na maziwa, moto ukiwa mdogo, akakoroga kwa mwiko, akaepua, akafunika, akaenda kulala. Siku ya pili akaongeza maziwa, akapasha moto tena, akafunika. Siku ya tatu ndipo alipopakua. Uchungu ulikuwa haujatoka. Ulikuwa umetulia na kushikana na maziwa, na ladha yake ikawa nzito yenye kina, ambayo siwezi kuilinganisha na kitu kilichopikwa kwa dakika kumi. Ni kweli kwamba maji ya kwanza yakimwagwa, vitamini C nyingi huondoka nayo, na mwalimu wa sayansi atakuambia hivyo. Mimi humwaga maji machache na kuchemsha kwa muda mfupi kuliko alivyofanya Kukhu. Lakini mboga inayobaki katika sahani kwa sababu hailiki haina vitamini yoyote kwa mtu yeyote.

Ulimi wangu haukuutoroka uchungu huo, kwa maana kwetu Pwani tunao mchunga. Mchunga hata haupandwi. Hujiotea mashambani na kando ya njia mvua zinyeshapo, na akina mama huuchuma wakirudi kutoka shambani. Huchemshwa, ukakamuliwa, kisha hupikwa kwa tui la nazi. Mama yangu hutia tui jepesi kwanza, na tui zito hulitia mwishoni kabisa, lisije likakatika. Huliwa kwa sima, na mtu aliyezoea hamwonei wivu mla nyama.

Basi ilinijia fikira kwamba maziwa ya Kakamega na tui la Kwale vyafanya kazi moja. Majani ya kijani kibichi yana kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho. Na kitu hicho hufuatana na mafuta, hakifuatani na maji. Mtu akila majani yaliyochemshwa matupu, sehemu kubwa ya mali hiyo hupita tumboni bila kushuka mzigo wake. Wazee wa bara walitia maziwa na siagi, wa Pwani wakatia nazi, wengine wakatia karanga au ufuta uliopondwa. Hawakujua jina la vitamini, ila walijua mtoto mwenye afya anavyofanana. Likizo moja nilirudi kutoka nyumbani na nazi nne, nikapika mgagani kwa tui, nikampelekea Kukhu bakuli. Alikula kimya mpaka nusu, kisha akauliza maziwa yale ni ya ng'ombe gani. Nikamweleza mnazi ulivyo, urefu wake na namna vijana wanavyoupanda. “Kumbe,” akasema, “kwenu ng'ombe hukaa juu ya mti.” Akamaliza bakuli.

Mito nitautaja kwa upesi, nao si mito ya maji. Ni mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano, na maganda yake yakikauka hulia kama njuga. Mizizi yake hulisha udongo, kwa hiyo mimi huupanda mahali palipochoka. Nderema nayo hutambaa juu ya ua, haina uchungu, na kipande cha shina lake kikichomekwa katika udongo wenye unyevu huota. Anayeshindwa kuotesha nderema na ajaribu kazi nyingine.

Mrenda, au mlenda kama wengine wanavyosema, au murere kwa Waluhya, una hadithi ambayo huwapendeza wanafunzi. Unalijua gunia? Lile la katani linajulikana. Lakini magunia mengi ya ulimwengu, yale laini ya rangi ya udongo, hufumwa kwa nyuzi za mmea unaoitwa juti, ambao hulimwa kwa wingi sana nchini India na Bangladesh. Mojawapo ya aina mbili kuu za juti ndiyo huo huo mrenda unaoota kando ya mahindi. Wao huuacha urefuke kupita kichwa cha mtu wakaumenya nyuzi, sisi huchuma majani yake machanga tukayala. Wamisri nao huyala majani hayo. Huyapika mchuzi mzito wanaouita mulukhiya, na kwao ni chakula cha heshima.

Mbegu ya mrenda ina ganda gumu lisilopitisha maji. Kukhu alizifunga mbegu katika kitambaa, akakichovya katika maji yaliyokaribia kuchemka kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, akakitoa, akazianika, akazipanda. Ajabu ya maji hayo ni kwamba hayaui mbegu. Hulegeza ganda tu. Katika kupika, mrenda hutaka maji machache, moto wa kutosha, na muda mfupi. Watu wa huko hutia vijiko viwili vitatu vya chumvi ya majivu: huchoma maganda makavu ya maharagwe, hutia majivu katika chombo chenye matundu, humimina maji juu, na yale yanayodondoka chini, ya rangi ya chai, ndiyo hayo. Mboga hulainika upesi. Mrenda huteleza, sitakuficha, na mtu wa mara ya kwanza hushindwa kuumeza kwa utaratibu. Lakini ukichanganywa na majani ya kunde yaliyo makavu kidogo, kila mmoja humtengeneza mwenziwe, na ugali hushuka bila kusukumwa.

Mteremko huo ndio ulioleta taabu darasani. Palikuwa na msichana mmoja, mwanafunzi hodari, aliyekuja na chakula chake cha mchana katika kopo, akala amegeuzia wenzake mgongo na mfuniko ameuinamisha juu ya kopo. Nilipochungua sababu nilikuta wavulana fulani wamempa jina la kejeli kwa ajili ya mrenda. Sikufanya hotuba, kwa kuwa nazijua hotuba za walimu zinavyopokewa. Juma lile tulikuwa na somo la kuota kwa mbegu. Nikaleta mbegu za mrenda, tukahesabu hamsini za kuchovya katika maji ya moto na hamsini za kuacha kama zilivyo, tukazipanda katika makopo mawili dirishani. Baada ya siku chache kopo la kwanza lilikuwa kijani tupu, na la pili lilikuwa na miche mitatu. Wanafunzi wakataka kujua nani alifundisha jambo hilo, nikawaambia wamwulize yule msichana, kwani kwao hufanya hivyo kila msimu. Alisimama, akaeleza maji yawe moto kiasi gani na mbegu zikae muda gani, na mmoja wa wavulana wale aliandika. Sisemi kwamba kejeli ilikoma siku ile. Jina lilidumu mpaka mwisho wa muhula, kisha likasahauliwa kama majina mengine. Ila mfuniko wa kopo aliuweka juu ya dawati.

Wala si watoto tu wenye dharau hiyo; wakubwa ndio waliowafundisha. Kwa miaka mingi mboga hizi ziliitwa chakula cha maskini, hata vyuoni hazikupewa nafasi kubwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango ni mmoja wa waliobadili mambo. Utotoni mwili wake ulikataa nyama, samaki, maziwa na mayai, kwa hiyo alikuzwa kwa mboga za kienyeji; alipokuwa mtaalamu wa kilimo alizichunguza mboga zile zile, na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kule Juja. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya kisayansi yenye jina la Kwame Nkrumah. Alipowauliza wakulima kinachowazuia, moja katika majibu makubwa lilikuwa mbegu: mbegu nzuri zilikuwa hazipatikani. Leo mnavu na mgagani vinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na bei yake aghalabu huizidi ile ya sukuma wiki.

Kukhu alifariki mwaka 2021. Watoto wake wanakaa mjini, na shamba wamelikodisha kwa mtu anayelima mahindi mpaka ukingoni mwa njia. Siwalaumu, kila mtu na riziki yake. Lakini mgagani wa Kukhu ulikuwa wa aina ya mabua ya zambarau, wenye majani mapana na wenye kuchelewa kuchanua, na katika kijiji kile sijauona kwa mtu mwingine. Ulibaki katika kibuyu alichonipa, na katika mistari miwili nyuma ya nyumba yangu.

Kwa hiyo kila msimu huwagawia wanafunzi kijiko kimoja kimoja wapeleke kwao. Mwalimu mwenzangu mmoja alinitania kwamba siku moja ataniletea uji gerezani. Mzaha wake ulikuwa na mzizi. Sheria ya mbegu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilizuia watu kuuza na kubadilishana mbegu zisizothibitishwa, na ilitishia kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi 1,000,000. Nia ilikuwa kuwalinda wakulima na mbegu bandia, na mbegu bandia zipo, zimewaliza wengi. Lakini mkulima mdogo huishi kwa mbegu ya jirani. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwalimu yule sasa amenyamaza kuhusu uji, naye ana mstari wa mgagani mlangoni pake.

Ukitaka kuweka mbegu zako, usichume kila mmea. Chagua mitatu au minne iliyo bora, ile yenye majani mengi na iliyochelewa kuchanua, uifunge uzi ili mtu wa nyumbani asiichume kwa mchuzi. Maganda ya mgagani yakianza kuwa ya manjano, yakate kabla hayajapasuka, uyaanike juu ya karatasi. Pepeta, changanya na majivu makavu kidogo kuzuia wadudu, tia katika chombo kikavu, andika mwezi na mwaka. Kisha zingoje.

Nami, ukipita Kakamega baada ya mavuno, nitakupa za mwaka jana. Njoo na karatasi yako ya kufungia, kwa maana kibuyu hakitoki.